Karatasi Sita kwa Watu Wanne

Mwezi uliopita niliingia duka moja la mitumba huku Walthamstow, London, nyuma ya soko, kutafuta kiti cha jikoni. Mwenye duka alikuwa anaijaribu televisheni ya zamani, yale masanduku mazito yenye tumbo nyuma. Aliiwasha, haikuonyesha kitu. Lakini baada ya dakika mbili tatu ikapata moto, ikatoa ile harufu ya vumbi linaloungua. Nikakaa kwenye kiti cha watu, ambacho hata sikukinunua. Naomba niwaeleze kwa nini, maana jambo lenyewe sijawaeleza wengi.

Tulikuwa tukikaa mtaa wa tatu kutoka hapo, miaka ya sabini, sisi chini na Ami Makame juu. Baba alikuwa kondakta wa basi. Kwao Unguja alikuwa mpiga fidla katika klabu ya taarab, na baada ya Mapinduzi aliondoka na sanduku moja na mke mwenye mimba yangu. Fidla haikuingia sandukuni. Kaka yake alichukuliwa nyumbani siku zile za mwanzo na hakurudi tena. Hayo niliyajua ukubwani, kwani kwetu jina la marehemu yule halikuwa likitajwa mbele ya watoto.

Ami Makame hakuwa ami yangu wa damu, na wala hakuwa wa upande wetu. Yeye Mapinduzi aliyapigia makofi. Serikali mpya ikamleta London kusomea uuguzi, kisha wenzake wakamchongea huko nyumbani, akaogopa kurudi. Basi mmoja kakimbia mwanzo, mwingine kakwama mwisho, wakakutana kwenye ngazi ya nyumba ya Mhindi wa Mombasa ambaye hakumuuliza mtu chama chake, mradi asikaange samaki madirisha yakiwa yamefungwa.

Kilichowaunganisha ni barua. Baba hakuweza kumwandikia mama yake moja kwa moja. Mtu akipokea barua ya mkimbizi alikuwa akiitwa kuhojiwa, na Bibi alikuwa mtu mzima wa peke yake. Lakini Ami Makame, ambaye kwenye madaftari bado alikuwa mwanafunzi wa serikali, alikuwa na dada yake hapo hapo mtaani kwa Bibi. Kwa hiyo barua zetu zilitoka na kurudi ndani ya barua zao. Kila baada ya miezi miwili hivi Ami Makame alishuka ngazi, akabisha hodi, akatoa ndani ya bahasha yake karatasi iliyokunjwa mara nne. Bibi alikuwa akiandika mwenyewe, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mistari imepanda kushoto kama inakimbia. Baba alikuwa akisoma amesimama. Nyumba nzima tulinyamaza mpaka amalize, na Ami Makame naye alisubiri mlangoni, hata chai hakai kunywa, mpaka aambiwe: "Mzima. Anakusalimu."

Sasa, mara moja kwa mwaka, majira ambayo London jua linachelewa kuzama, kulikuwa na yale mashindano ya nyimbo ya nchi za Ulaya. Ami Makame ndiye aliyekuwa na televisheni ya rangi, na siku hiyo aliishusha kwetu kwa sababu sebule yetu ilikuwa kubwa. Wanaume wawili wakiibeba kwenye ngazi, mmoja anasema polepole, mwenzake anasema nimekusikia. Mama alikaanga visheti, kahawa ikatiwa iliki, na mimi nikakaa chini karibu na kioo mpaka nigombezwe.

Nakwambieni, raha yake ilikuwa si nyimbo tu. Baba alikuwa hodari wa kuzieleza siri za mashindano yale. "Tazama," alimwambia Mama, "hawa waliangushiana mabomu, mitaa hii hii ilibomoka. Leo wanapigiana simu, halo halo, wanapeana alama." Ami Makame akidakia: "Wanapeana kwa ujirani, bwana! Jirani kampa jirani. Wimbo hawakuusikiliza hata." Wakacheka. Nchi haikuruhusiwa kujipigia kura yenyewe, na hilo Ami Makame alilipenda sana. Alisema kwetu lingefaa.

Sisi hatukuwa na nchi humo, kwa hiyo tukapiga kura zetu wenyewe. Nyimbo zikimalizika, kabla ya majaji wa Ulaya kuanza kuitwa kwa simu, kila mtu alichukua kikaratasi, akaandika jina la nchi moja kwa herufi kubwa ili mwandiko usijulikane, akakitia kwenye kopo la biskuti. Kura ni siri, alisema Ami Makame, na alikuwa akisema kwa uzito khasa. Kura zikifungana, mkubwa kwa umri ndiye anaamua, naye ndiye alikuwa mkubwa. Kuhesabu ilikuwa kazi yangu, kwa kuwa mtoto hana chama.

Mwaka huo nilikuwa na miaka tisa. Nchi moja ndogo, sikumbuki ipi, ilileta mwanamke mwembamba, na nyuma yake mzee mmoja akipiga fidla. Baba alijiinua kwenye sofa. Mkono wake wa kushoto ukaanza kutembea juu ya goti, kidole baada ya kidole. Wimbo ulipokwisha akasema, kwa mzaha tu, "Hawa wakishinda, na mimi nanunua fidla." Mama akamtazama kwa namna ambayo sikuwahi kuiona. Aliwahi kuniambia kuwa zamani, Baba akiwa na fidla yake, alikuwa mtu wa kucheka ovyo.

Mimi nikalichukua neno lile kama ahadi ya Mungu. Tatizo, Mama na Ami Makame walikuwa wakiusifu pamoja wimbo mwingine wa kishindo, wenye tarumbeta. Nikapiga hesabu: mimi na Baba wawili, wao wawili, na mwenye kuamua ni Ami Makame. Basi nilipokwenda kutia kura yangu, nikatia tatu. Mbili za ziada, kwa usalama. Sikuwa na akili ya wizi jamani. Kwamba kuna mtu atazihesabu karatasi zenyewe halikunipitia kabisa kichwani.

Nikasoma kwa sauti. Wimbo wa fidla, nne. Tarumbeta, moja. Na moja ilikwenda kwa nchi ya mwanamke aliyevaa gauni la kijani, maana Mama, kumbe, alikuwa akipigia kura magauni miaka yote. Wimbo wa Baba ungeshinda hata nisingetia mkono.

"Nne?" alisema Ami Makame. Alikuwa bado anatabasamu. Akalivuta kopo, akazipanga karatasi juu ya meza moja moja. "Humu ndani tupo wanne. Mbona karatasi sita?"

Baba akasema labda zimegandana, zihesabiwe tena. Zikahesabiwa tena. Sita. Ami Makame akamtazama Baba, na lile tabasamu likaondoka, na nikaona mtu mwingine kabisa amekaa kwenye kiti chetu.

"Hivi hivi ndivyo mlivyotufanyia kwenye uchaguzi, kabla ya Mapinduzi," alisema. "Watu wetu wengi, viti vyenu vingi. Mpaka sebuleni?"

"Unaniita mwizi nyumbani kwangu, mbele ya mke wangu?" Baba alisimama. "Na nyinyi mlitujibu kwa kitu gani? Kwa karatasi? Kaka yangu yuko wapi, Makame?"

Mama akasema, "Jamani, mtoto yupo." Wote wawili wakageuka kunitazama, na mimi kopo liko mapajani. Nilikuwa na maneno matatu tu ya kusema: ni mimi, Baba. Yalifika mpaka kwenye meno. Nikaogopa. Wala sikuogopa kipigo, Baba hakuwa mpigaji. Niliogopa zile sura mbili, kwani nilidhani jambo lililoweza kuwageuza hivyo lazima liwe kubwa kuliko vikaratasi vyangu. Nikanyamaza. Kwenye televisheni mtu alikuwa anaita mji mmoja kwa simu, halo, halo, na simu inakwaruza.

Ami Makame aliibeba televisheni yake peke yake ngazi nzima. Tulimsikia anavyohema.

Miezi miwili baadaye bahasha ilipita chini ya mlango, ndani yake ile karatasi iliyokunjwa mara nne. Baba aliishika kwa muda mrefu. Kisha akanipa mimi. "Mrudishie mwenyewe. Barua iliyopitia kwa mtu anayeniita mwizi siipokei." Nilipanda ngazi nayo. Ami Makame akafungua, amevaa koti lake la wodini, akasema, "Hii ni ya bibi yako." Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba ndivyo Baba alivyosema. Sijui kwa nini kwa Kiingereza. Labda kwa lugha ile sikuwa mimi niliyesema. Barua ya pili nayo ikaja, nayo nikaipandisha. Baba naye hakuandika, kwa kuwa njia ya kwenda ilikuwa ile ile. Kabla ya baridi kuingia Ami Makame akahamia Thornton Heath, upande wa pili wa mji, na juu wakaja watu wengine.

Habari ya kufa kwa Bibi tuliipata kwa mwanafunzi mmoja msikitini, arubaini yake imeshapita. Baba aliomba ruhusa kazini, akasoma khitma siku tatu mle mle sebuleni. Mimi nilikuwa nikipitisha kahawa.

Nikakua na jambo lile ndani. Nilisoma, nikaolewa, nikazaa, Mama akatangulia mbele ya haki, na bado yale maneno matatu yako kwenye meno. Baba alipofika miaka sabini na kitu akapofuka macho kwa sukari. Hapo nikakutana na mpwa wa Ami Makame harusini, akaniambia mzee yupo, yu hai. Nikapanda treni mpaka Thornton Heath.

Nilimwambia kabla sijakaa. Msidhani alinipapasa kichwa. Alikasirika, akagonga sakafu kwa fimbo. "Nilimwita mtu mwizi, na wewe upo, unanitazama! Miaka yote hii mimi nimeamini kuwa hata mchezo hawakuweza kutuachia." Akaondoka, nikadhani ndiyo nimefukuzwa. Akarudi na barua mbili zilizokunjwa mara nne. Hakuwahi kuzifungua. "Hazikuwa zangu," alisema.

Jioni ile nilimwambia Baba. Nilianza na vikaratasi, sikupumzika mpaka mwisho. Baba akasema, "Kumbe Makame hakuwa mwongo. Zilikuwa sita kweli." Na mimi ndipo nilipojua kwamba Baba naye, miaka yote, aliamini Makame alizitia zile mbili ili amwaibishe. Halafu akasema, "Nisomee."

Chuoni nilijifunza kusoma Kurani, kwa hiyo herufi nazijua, ila Kiswahili ndani ya herufi zile kinanitoka kwa kusukuma, neno neno. Barua ya kwanza ilikuwa salamu na habari za bei ya mchele. Bibi akaandika: nimefurahi kusikia wewe na mtoto wa watu mnakaa chumba kimoja mnacheka na nyimbo za Wazungu, huku kwetu hata matangani watu wanakaa mbalimbali. Baba akatikisa kichwa. Nikaelewa, mtu mzima na wajukuu wangu, kwamba nilichoharibu hakikuwa mchezo tu. Ule ulikuwa uchaguzi pekee ambao wale wawili waliweza kushindwa na kesho yake wakasalimiana kwenye ngazi, na walikuwa wameujenga kwa miaka, kwa uangalifu, kwa visheti na kopo la biskuti.

Nikafungua ya pili. Ilikuwa fupi, mistari haikupanda tena. Nikaanza, naumwa kidogo, si sana. Kisha macho yangu yakatangulia kusoma kabla ya mdomo, nikanyamaza.

"Imekwisha?" aliuliza Baba.

Haoni. Ningesema ndiyo, ningekunja karatasi, tungekunywa chai. Ningeweza kutia hata maneno mazuri, mama anamwombea mwanawe. Mkono wangu unaijua kazi hiyo, na nia yangu ingekuwa njema vile vile kama siku ile.

Nikasoma kama ilivyoandikwa: "Dada yake Makame ameniambia umeikataa barua yangu. Mwanangu, nimekukosea nini?"

Baba alinyoosha mkono, nikampa karatasi. Aliishika imegeuka juu chini, akaipapasa mstari kwa mstari. "Hukunikosea, mama," alisema. "Hukunikosea kitu." Akairudia ile kauli mpaka sauti ikamkauka, polepole, kila neno peke yake, kama mtu anayemwandikisha mwenzake barua. Kalamu ilikuwa mfukoni mwangu, lakini barua hatukuwa na pa kuipeleka.