Siku Bi Rukia Alipoinuka Kutunza

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku niliyovaa viatu vya mchuchumio kwa mara ya kwanza, na nusura vinitie aibu kabla hata aibu yenyewe haijafika. Ilikuwa Iddi Pili, hapa hapa Bagamoyo, miaka ile Uhuru ungali mbichi. Wewe unaniona leo nakaa barazani najisugua goti kwa mafuta ya nazi, unadhani nilizaliwa hivi hivi, bibi kizee. Hebu kaa nikusimulie.

Mji mzima ulikuwa umechangamka. Taarab inatoka Dar! Tangu asubuhi kijana mmoja alizunguka mitaani na bomba la bati mdomoni akitangaza: alasiri, ukumbini, kwanza mchezo wa kuigiza, kisha taarab, na kina mama watakaa mbele. Sisi wasichana hatukula mchana. Nani ana njaa siku kama hiyo? Tulishinda tukipiga pasi ya mkaa, tukijifukiza udi na kugombania kioo. Shoga yangu Tatu alinipaka wanja mpaka machozi yakanitoka, ukaharibika, akanipaka tena huku ananitukana.

Na mimi nilikuwa na sababu kuliko wenzangu wote, kwani nilikuwa nimeposwa. Mchumba wangu alikuwa Hamisi, seremala, ndiye huyo babu yako. Mahari yalikwisha pokelewa na harusi ilikuwa mwezi unaofuata. Nilimpenda Hamisi, sikufichi. Akipita mbele ya nyumba yetu na msumeno wake begani, nilikuwa naacha mboga iungue.

Lakini Hamisi alikuwa na mama. Bi Rukia alikuwa mwanamke mrefu, msafi, mwenye sauti inayofika mtaa wa pili bila yeye kujisumbua. Mke wa mwanawe mkubwa alikuwa amefunga kanga zake na kurudi kwao Pangani, na watu walisema aliyemkimbiza ni mavyaa, kwa mambo ya jikoni. Eti kwa Bi Rukia sukari inapimwa, na ukichota tonge la pili unatazamwa. Mama yangu alinionya: "Huyo utamwendea kwa adabu, mwanangu. Ukimuudhi kabla ya harusi, harusi hakuna." Basi nikawa namwogopa mno. Nikimwona sokoni namwamkia, "Shikamoo mama," kisha nachepukia njia nyingine.

Hapa nikueleze kitu, maana ninyi wa siku hizi mnatunza ovyo. Mdundo ukishawakolea mnaamka mnamwaga noti. Wakati wetu kutunza kulikuwa ni kusema. Mwanamke alikaa kimya akasubiri ubeti wake. Ukifika ule unaomhusu jirani aliyemsengenya, ndipo anainuka, anapita taratibu mbele ya jirani huyo, anakwenda kumtunza mwimbaji. Hajatamka neno, na ukumbi mzima umeelewa. Zipo nyumba zilizonuniana miaka mingi kwa sababu ya safari moja tu ya kwenda kutunza. Mambo haya nilikuwa nayajua, nimelelewa nayo.

Tukaingia ukumbini. Ukumbi ulijaa asumini na marashi mpaka mtu akahisi anayanywa. Mchezo wa kuigiza ulikuwa wa bwana mmoja bahili anayeficha kuku mvunguni mgeni asimwone. Kuku mwenyewe alikuwa hai! Akawaponyoka, akarukia kina mama, kelele tupu, mabuibui yanapeperuka, na bwana bahili anamfukuza kuku huku bado anaigiza. Nilicheka nikaegemea mtu nisiyemjua. Bi Rukia alikuwa mstari wa mbele na dada zake, naye alikuwa anapangusa machozi ya kicheko kwa ncha ya kanga. Nikajisemea, kumbe naye hucheka.

Kisha wakakaa wapigaji, na fidla ikaanza.

Mwanangu, mimi ala ile nilikuwa naisikia redioni tu, kwa jirani, kupitia ukuta. Sikuwa nimepata kuiona ikipigwa mbele ya macho yangu. Nilisisimka mwili mzima. Akodiani ikaipokea, dumbaki ikaingia, na mwimbaji, dada mmoja aliyevaa gauni la kijani linalometameta, akafungua mdomo. Sikusikia alichosema. Naapa, nilisikia sauti tu, ikipanda, ikishuka, ikinivuta. Tatu akanipiga kiwiko: "Nenda, shoga! Nenda!" Mkononi nilikuwa na noti yangu ya sikukuu, zawadi ya mjomba. Nikajikuta nimesimama.

Njia ya kwenda jukwaani ilikuwa moja, nayo ilipita mbele ya mstari wa kwanza. Nikapita nikiyumba kwa madaha, nusu ya madaha yakiwa ni ya vile viatu. Nikafika mbele ya Bi Rukia, na hapo hapo kiatu kimoja kikapinda. Nikasimama kukiweka sawa. Ndipo vigelegele vikakatika ghafla, na maneno yakanifikia masikioni:

Mavyaa wangu na gubu,
hata tonge ahesabu.

Nimesimama mbele ya mama yake mchumba wangu, noti juu, katika ubeti ule, na mji mzima unajua habari za mkaza mwana aliyerudi Pangani. Nikamwona mama yangu kule nyuma ameshika kichwa. Nikamwona dada yake Bi Rukia anachukua mwavuli wake, tayari kuondoka. Kurudi siwezi, kwenda mbele siwezi. Niliiona harusi yangu inapita mlangoni inatoka.

Bi Rukia akainuka.

Nikafumba macho. Nikahisi mkono umenishika kiunoni, si kwa ukali. Nilipofumbua, alikuwa ubavuni kwangu, anacheza! Mwanamke yule mrefu, mgumu, anacheza kwa mabega, taratibu, anatabasamu, kanga yake ameitandaza mabegani mwetu wote wawili. Akanisogeza mpaka mbele ya mwimbaji. Akatunza, nami nikatunza, ubeti ule ule. Kisha akachomoa kikuba cha asumini kichwani mwake akanichomeka mimi. Ukumbi ulilipuka. Vigelegele mpaka wapigaji wakarudia kiitikio, nasi tukarudia kucheza, na safari hii nilivua viatu.

Nani sasa angesema nimemsema mavyaa wangu, na mavyaa mwenyewe yuko nami anatunza? Maneno yaliishia pale pale.

Taarab ilipokwisha aliniambia, "Nifuate." Nikamfuata. Akanipeleka hotelini, pale karibu na soko. Mimi hotelini! Zamani hoteli ilikuwa ya wasafiri na wanaume. Kwa ajili ya kina mama kulikuwa na chumba cha nyuma chenye pazia la maua, na mimi sikuwahi kuliona hata hilo pazia. Kulikuwa na santuri inalia, meza zenye vioo, na harufu ya biriani inayokufanya uisahau aibu yako. Mtumishi akaleta sahani ya biriani, sambusa za moto na sharubati ya ukwaju yenye barafu. Barafu, mwanangu!

Lakini zamani zetu, mbele ya mavyaa mtarajiwa hatukuwa tunakula. Tuliona haya. Nikainamisha kichwa.

"Mama, nisamehe," nikasema. "Sikuyasikia maneno. Nilisikia fidla."

"Najua. Ungeyasikia usingepita pale na viatu vile." Akacheka kidogo. "Siku nyingine, mwanangu, kitu kikikupendeza, kaa kwanza. Sikiliza kinasema nini na kinamsema nani. Ukishajua, inuka ucheze mpaka uchoke."

"Inshallah, mama."

Akanisogezea sahani. Halafu akageuza kiti chake, akalitazama pazia, mgongo akanipa mimi.

"Kula," akasema. "Mimi sihesabu."

Nikala. Nilikula biriani ile yote huku machozi yanadondokea kwenye wali, na yeye hakugeuka mpaka aliposikia nimeweka gilasi chini.

Nimeishi naye miaka mingi katika nyumba moja. Sauti yake haikupungua, tusidanganyane. Lakini kila aliponipakulia aligeuka akatazama kwingine mpaka nimalize. Na mwaka huo huo alipanda gari kwenda Pangani, akarudi na mkaza mwana wake. Siku moja tunapepeta mchele nikamuuliza, "Mama, siku ile ukumbini, hukuumia?" Akasema, "Niliumia sana. Ubeti ulikuwa wangu. Wewe ulikuwa hujui, lakini mimi nilijua. Ningeondoka, ningewaachia watu maneno, nikupoteze na wewe kama nilivyompoteza mwenzio."

Basi mwanangu, wewe unayeolewa mwezi ujao, neno langu ni hili. Furahi, tena furahi kwa nguvu zako zote, ujana hauna raha kubwa kuliko hiyo. Ila kabla hujanyanyuka, sikiliza wimbo unamsema nani. Na siku utakapomwona mdogo wako amesimama mbele za watu katika ubeti usio wake, usichukue mwavuli wako ukaondoka. Inuka, mtandazie kanga, cheza naye. Hata kama ubeti ni wako. Hasa ukiwa ni wako.

Mola akupe nyumba yenye vicheko na sahani isiyotazamwa. Na siku utakayokosea wewe, maana utakosea, akuinulie Bi Rukia wako. Sasa niletee hivyo viatu ulivyonunua, nivione urefu wake.