Mpiga Kampeni Aliyepunguza Maneno

Watu walimwita Radi. Jina alilopewa na wazazi wake lilitumiwa na mkewe peke yake, tena akiwa amekasirika. Sauti yake ilikuwa kubwa hivi kwamba akipiga chafya jikoni, jirani wa ghorofa ya chini alimwitikia "Afya!" bila hata kuinua kichwa.

Kazi yake ilikuwa kutangaza. Alizunguka mitaani kwenye gari dogo lenye spika juu ya paa, akiwaambia watu kwamba maji yatakatwa kesho, chanjo ya watoto imeanza, duka la viatu limehamia ng'ambo ya barabara. Lakini ni msimu wa uchaguzi uliomfanya agombaniwe. Hapakuwa na mtu aliyejua kumpaka mpinzani matope kama Radi. Alimwiga anavyotembea, anavyokohoa, anavyomeza mate akiulizwa swali gumu, na watu wakavunjika mbavu kwa kicheko. Mkewe, aliyekuwa akiuza ndoo na mabeseni sokoni, hakupendezwa. "Wewe bwana," alimwambia, "huyo unayemcheka naye ana mke, na mke wake ananunua ndoo kwangu."

Halafu katikati ya kampeni moja sauti ikamkauka. Daktari alimmulika kooni, akamkataza kusema hata neno moja mpaka amwone tena.

"Hata kunong'ona?" Radi akanong'ona.

"Hasa kunong'ona!"

Nyumbani hapakukalika. Dada zake walikuja kumpa pole wakaishia kumwomba awaige wagombea kwa ishara. Majirani nao hawakuacha kugonga mlango. Dereva wa gari la matangazo, mtu mzima mpole asiyependa makuu, alimwonea huruma. "Kaka," alisema, "pale juu ya karakana ya fundi baiskeli kuna ukumbi wa Wabuddha. Shangazi yangu huenda. Watu wanakaa tu. Hakuna atakayekuuliza kitu."

Radi akaenda, kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda. Alikuta chumba chenye mikeka, sanamu ndogo ya Buddha juu ya rafu, na harufu ya grisi ikipanda kutoka chini. Mtawa aliyewaongoza alikuwa mama wa makamo mwenye kichwa kilichonyolewa, ambaye kabla ya kuvaa joho alikuwa mkunga. Alimwonyesha namna ya kukaa na kuifuata pumzi yake, basi.

Radi alidhani kunyamaza ni kufunga mdomo. Alipofumba macho akakuta kichwani mwake mna mkutano wa hadhara usiokwisha, na msemaji mkuu ni yeye mwenyewe. Alikuwa bado anamsuta mgombea ambaye uchaguzi wake ulishapita na ambaye siku hizi alikuwa anafuga kuku kwa amani yake. Alishtuka. Kesho yake akarudi kuona kama mkutano umeisha. Haukuwa umeisha, lakini safari hii aliweza kukaa pembeni kidogo na kuusikiliza.

Sauti iliporudi hakuacha kwenda. Mkewe alimtania mbele ya wateja, "Mwenzenu ameposa mkeka." Lakini usiku alipokuwa akimsimulia mambo ya sokoni, aligundua kwamba mumewe siku hizi anamsikiliza mpaka mwisho wa sentensi. Hakulisema hilo kwa mtu.

Siku moja mtawa aliwafundisha jinsi Buddha alivyotaka neno lipimwe kabla ya kutoka kinywani: je, ni la kweli? Lina faida? Wakati wake umefika? Linatoka kwenye moyo unaomtakia mtu mema? Radi alirudi nyumbani kichwa chini. Akipima hivyo, angebakiwa na matangazo ya maji na chanjo peke yake.

Uchaguzi mwingine ulipokaribia, meneja wa kampeni alimfuata. Radi akakimbilia ukumbini kwanza.

"Mama, naacha siasa," alisema. "Siasa ni uchafu mtupu."

"Ukiacha, kipaza sauti atashika nani?"

Radi akafikiri. "Yupo mmoja. Ana mdomo mchafu kunishinda."

Mtawa alicheka. "Buddha alizungumza na wafalme, mwanangu. Hakuwakimbia, wala hakuwalamba miguu. Ukiondoka, sitakuzuia. Ila jiulize: unaondoka ili watu wasidhurike, au ili wewe ujione msafi?"

Swali hilo lilimkaa rohoni kama mwiba. Mwishowe akaikubali kazi kwa sharti moja: hatamtukana mtu. Meneja alicheka mpaka akashika tumbo, akidhani ni kichekesho kipya.

Hakikuwa kichekesho. Gari likaanza kuzunguka, na Radi akatangaza jina la mgombea, mambo anayoahidi na mahali pa mkutano. Kisha kimya.

"Kaka, ndiyo basi?" dereva akauliza.

"Nimemaliza."

"Hatujafika hata kona!"

Meneja alikuwa na maneno yake aliyotaka yasemwe. Nyuma ya soko walikuwa wamehamia watu waliokimbia shida kwao, nao walikuwa wameanza kuuza nguo na viatu. Alitaka Radi aseme kwamba mpinzani ndiye aliyewaleta ili wawanyang'anye wenyeji vibanda. Radi akakataa, meneja akanuna, lakini mikutano ilikuwa imeshapangwa, tena mtu mwingine mwenye sauti ile hakupatikana haraka.

Siku ya mkutano mkubwa, watu walijaa kiwanja kilicho mbele ya soko. Mgombea alikuwa hajafika na Radi alikuwa jukwaani akiwachangamsha, pale moshi mweusi ulipofuka kutoka safu za nyuma za vibanda. Mtu akapiga kelele, "Soko linaungua!" Kibanda cha mkewe kilikuwa upande uleule.

Meneja akaruka jukwaani, akamnong'oneza, "Sema ni wale wageni. Sema sasa hivi!"

Damu ilimchemka. Na jambo lililomtisha kuliko moto ni kwamba, kwa kitambo kidogo, aliamini. Alitamani iwe kweli, apate mtu wa kumrushia hofu yake. Neno lilikuwa limeshafika ulimini. Chini yake macho yote yalimtazama, na alizijua nyuso hizo. Alijua angeweza kuzipeleka popote.

Akavuta pumzi. Ikatoka. Akashika kipaza sauti.

"Nisikilizeni! Moto uko nyuma. Nani kauwasha, sijui. Nasema sijui, na anayesema anajua, mwulizeni alikuwa wapi. Kuna watu mle ndani. Wenye nguvu, shikeni mstari kutoka kwenye bomba. Kina mama, toeni watoto kwa lango hili. Mke wangu, kama unanisikia, toa ndoo!"

Mkewe alimsikia. Nani asingemsikia? Ndoo mpya zikaanza kupita mkono kwa mkono, na kwenye mstari ule wenyeji na wageni walichanganyika hata usiwatofautishe kwa masizi. Radi aliendelea kuwaelekeza hadi gari la zimamoto lilipofika. Safu moja ya vibanda iliteketea. Hakufa mtu. Baadaye wazima moto waligundua kwamba waya mbovu wa umeme kwenye stoo ndio uliouwasha.

Jioni hiyo Radi aliingia bafuni, akafunga mlango, akalia. Mkewe aligonga mlango, akaingia bila kusubiri jibu, akakaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea. "Ndoo zangu zote zimekuwa nyeusi," alisema, akimfuta uso kwa khanga yake. "Na wewe pia."

Meneja alimfukuza kesho yake. Mgombea alishinda hata hivyo. Radi alijikaza kisabuni, lakini nyumbani hakuweza kujizuia: alimwiga meneja anavyoruka jukwaani kama aliyekanyaga kaa la moto, na mkewe akacheka hadi akalala sakafuni. Halafu dhamiri ikamsumbua, akaenda kumweleza mtawa.

"Lilikuwa la kweli?" mtawa akauliza.

"Aliruka hivyohivyo, Mama."

"Lilikuwa na faida?"

"Mke wangu alikuwa hajacheka tangu moto."

Mtawa aligeuza uso kuelekea dirishani, na mabega yake yakatikisika kwa muda.

Wiki chache baadaye wafanyabiashara wa soko walikutana kuamua namna ya kuijenga upya ile safu na nani apewe kibanda wapi. Wenyeji walikuwa na manung'uniko yao, wageni na hofu zao, na pande zote mbili zikamwomba Radi awe mwenyekiti. Alileta kipaza sauti chake, akakipitisha kwa kila aliyenyoosha mkono, na yeye mwenyewe hakusema karibu kitu. Kikao kilichukua mchana mzima. Mkewe ndiye aliyekishika kipaza sauti kuliko wote, na kila alipojaribu kumrudishia, Radi alitikisa kichwa akitabasamu, akamwashiria aendelee.