Kanini Mchora Vyumba

Kanini alikuwa Mkamba wa Mbooni aliyeolewa na Mjaluo wa Alego. Mwaka wa 1957 walikuwa wakiishi katika chumba kimoja nyuma ya nyumba ya Mzungu huko Lavington, ambako mumewe, Zadock, alikuwa mpishi. Kanini alikuwa amefika darasa la sita katika shule ya misheni, na Kijaluo alikipatia kwenye ndoa. Ndiyo sababu mgeni wa nyumba ya jirani alimwita mwezi wa Machi, akamwomba amsaidie kazi.

Mgeni huyo, Misi Ashworth, alitoka chuo kikuu cha Uingereza. Alitaka kujua watu waliotoka Nyanza, kwao Wajaluo, waliishije Nairobi: nani anakula na nani, mtoto anapewa jina na nani, mgeni akija anapokewa vipi. Lakini hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni ilikuwa haijaisha, na Mzungu mwenye daftari alidhaniwa kuwa polisi. Milango ilifungwa alipopita. Basi ikawa Kanini ndiye anayepiga hodi.

"Usimjibie mtu," Misi Ashworth alimwambia siku ya kwanza. "Hata lile unaloona unalijua, uliza."

"Wakiniona mjinga je?"

"Watakufundisha."

Kanini aliipenda kazi ile kuliko alivyotarajia. Katika kila chumba alichora ramani: mlango hapa, jiko pale, kitanda, pazia. Kisha aliuliza nani alilala wapi mara ya mwisho wageni walipokuja kutoka kijijini, akaweka alama. Watu walicheka kuona maisha yao yakienea kwenye karatasi moja, wakamsahihisha: "Hapana, kabati liko huku!"

Alipofika chumba cha sita, kwa Philister, mke wa mtunza bustani, kalamu yake ilisimama. Akafunua kurasa za nyuma. Ndugu wa mume walilala sakafuni. Binamu walilala sakafuni. Mama mzaa mume hakuwa na alama katika chumba hata kimoja. Kila alipokuja mjini, alilala kwa jirani.

Mama yake Zadock alikuwa amewatembelea mara mbili. Mara zote alishinda nao vizuri, akambeba Dalmas na wajukuu wengine, na jua lilipozama akajitanda leso yake, akaenda kulala nyumba ya tatu. Kanini alikuwa amemtandikia shuka mpya. Aliona ni dharau, kwamba mama hataki kulala kwa mke Mkamba, na donge hilo alikuwa amekaa nalo miaka yote bila kumwambia mtu.

"Mama mkwe wako kwa nini hakulala hapa?" aliuliza.

Philister alimtazama kama anayetaniwa. "Alale chumba ninacholala na mwanawe? Unataka chira itupate, watoto wakonde na kufa? Mzazi halali nyumbani kwa mwanawe aliyeoa. Mama Dalmas, miaka tisa umeolewa kwetu, hukuambiwa?"

"Sikuambiwa."

"Na hukuuliza?"

Hakuwa ameuliza. Aliporudi nyumbani alimbana Zadock.

"Nilidhani unajua," Zadock alisema. "Kila mtu anajua."

"Kila mtu ni nani?"

Zadock alifikiri kidogo. "Ni sisi," akasema, na uso ukamshuka.

Mwezi wa Agosti mama mkwe alikuja tena, safari hii kutibiwa macho katika hospitali kubwa kule mtaa wa Hill. Kabla hajafika, Kanini alikwenda kwa Nzembi, yaya mjane wa Kikamba aliyeishi peke yake jirani, akamwandalia mama kitanda huko. Jioni alibeba mzigo wake, akamsindikiza mwenyewe.

Mama alikaa kitandani, akaipapasa shuka. "Nyar Ukamba, binti wa Ukambani, nani amekufundisha?"

"Niliuliza watu, Mama. Zamani nilidhani hunipendi."

"Na mimi nilidhani wewe ndiye hunipendi. Nilikuwa natoka peke yangu, husogei hata mlangoni kuniaga."

Kanini aliona haya. Ilikuwa kweli, alikuwa akibaki ndani akikunja ile shuka kwa hasira.

"Lakini muthokoi wangu pia uliuacha kwenye sahani," akasema polepole. "Hiyo nayo ni mila?"

Mama alicheka mpaka akapangusa yale macho mabovu. "Hapana. Huo sikuupenda tu. Mahindi mnayavua ngozi, halafu mnayapika tena mazima!"

Walicheka wote watatu, hata Nzembi pale pembeni. Kanini akatoa daftari, akaomba ruhusa ya kuandika. Aliuliza juu ya chira, akauliza kwa nini Dalmas alipewa jina jingine la babu aliyekufa zamani. Mama alijibu kwa urefu, bila kuchoka. Kisha akaugusa mdomo wake, pale meno sita ya chini yalipokuwa yameng'olewa angali msichana.

"Sasa na mimi niulize. Sisi tuling'oa. Ninyi Wakamba kwa nini mliyachonga?"

Meno ya Kanini hayakuchongwa, kwa kuwa misheni ilikataza, na hakuwahi kuwauliza wakubwa wake. Akamgeukia Nzembi, aliyekuwa akipiga pasi nguo za mtoto wa Wazungu. Nzembi alitabasamu, na meno yake ya juu yakaonekana, yamechongoka kama ncha za misumari.

"Mnataka kujua kweli?" akauliza, akaiweka pasi chini. "Sogeeni basi. Nilipokuwa msichana, fundi wa kuchonga meno alikuja asubuhi, na patasi yake ndogo."