Kinyozi Asiyeuliza

Mke wake, muuguzi, alipohamishiwa kikazi hospitali kubwa ya mji mwingine, mwendo wa mchana na usiku kwa basi, watu walimwambia Kinyozi asiwe na wasiwasi: vichwa viko kila mahali, na nywele haziachi kuota kwa kuwa mtu kahama. Akaamini. Alifungasha mashine, mikasi na brashi ya kupangusia shingo, kibanda alichokitumikia tangu ujana akamwachia mdogo wake.

Mji mpya ulimpa kiti katika saluni ya viti vitatu. Mwenye saluni, mama mtu mzima asiyepaza sauti, alimwonyesha kile cha dirishani, akamwambia wazi kwamba kiti si pambo. Mwezi ukiisha awe na wateja wake, wanaoingia wakimwulizia yeye. La sivyo kitapewa mwingine.

Wateja waliingia, wakasalimia, wakakaa benchi kumsubiri kijana wa kiti cha kati aliyeitwa Chapuchapu. Kinyozi alisimama na taulo begani, akisugua mashine iliyokwisha kung'aa zamani.

"Mzee, hiyo mashine utaitoa roho," Chapuchapu alimwambia. Benchi zima likacheka. Naye akacheka, mgeni hachagui kicheko.

Kisha ikaja asubuhi ya mvua. Chapuchapu alichelewa, na mtu mmoja mkimya, ndevu zimemjaa uso, akaketi dirishani. Kinyozi alimfunga shuka shingoni, akawasha mashine. Hakuuliza kitu.

Kule alikotoka, kinyozi kumwuliza mteja anyolewe vipi ilikuwa sawa na mama kumwuliza mwanawe anaitwa nani. Alivijua vichwa vya mtaa mzima: nani ana alama ya jiwe la utotoni, nani ameanza upara na hataki utajwe. Mtu aliketi, akafumba macho, akainuka amependeza. Kunyamaza ndiko kulikokuwa heshima, na heshima hiyo hiyo akampa mgeni wake. Alikichonga kichwa vizuri, kisha akashuka kwenye ndevu, maana machoni pake zilikuwa pori, na mtu haji kwa kinyozi ili atoke na pori lake.

Mashine ilipopita shavu la kushoto, ngozi iliyotokea ilikuwa ya kukunjamana: kovu la moto, kutoka sikioni hadi kidevuni. Kinyozi akazima mashine. Upande huu kovu, upande huu ndevu. Kurudisha haiwezekani, na kuacha nusu haiwezekani. Yule mtu akafumbua macho, akajitazama kwenye kioo.

"Hukuniuliza," alisema.

"Nisamehe, ndugu yangu. Nilidhani..."

"Malizia tu."

Akamalizia. Mteja hakugomba. Aliinuka, akafunika kidevu kwa kiganja, akatoka kwenye mvua. Kinyozi angeona nafuu kama angetukanwa.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Tangu siku ile akawa mtu wa kuuliza. Juu vipi? Pembeni je? Masharubu yaguswe? Katikati ya kazi akauliza upya. Wateja wa mji huu walikuwa na desturi ya kuonyesha picha kwenye simu mara moja tu, kisha waachwe na simu zao. Mmoja aliinuka kichwa kikiwa nusu, akahamia kiti cha kati, akisema fundi huyu anamhoji kama aliyeiba kuku. Hata Chapuchapu hakucheka. Baadaye alimvuta pembeni, akamshauri aulize mara moja halafu ajiamini. Ushauri ulikuwa mzuri, Kinyozi aliuona. Ila kujiamini ndiko kulikokwisha kumponza.

Mwezi ukaisha. Hakuna aliyeingia akimwulizia, hata mmoja. Mwenye saluni alimwita nyuma, penye masinki.

"Kaka yangu, si kwamba hujui kazi," alisema. "Ila kiti kinataka mtu."

Akipenda, abaki kuosha vichwa vya wateja wa wenzake. Kinyozi alisema atabaki. Angesema nini? Alirudi dirishani, akakusanya vifaa vyake mfukoni, na kabla hajamaliza, mteja wa Chapuchapu alikuwa ameshaweka koti lake juu ya kile kiti.

Nyumbani kwao, chumba na sebule zilizojaa maboksi ya safari, mkewe alikuwa ametangulia. Alikuwa amethibitishwa kazini na kukabidhiwa wodi ya watoto aisimamie. Alieleza akicheka, kicheko ambacho Kinyozi hakukisikia tangu wahame.

"Mume wangu, sasa tuyafungue haya maboksi," alisema. "Hatuendi tena popote."

Alimpa hongera, nayo ilitoka moyoni. Alipoulizwa siku yake ilikuwaje, alijibu kwamba na yeye wamembadilishia kazi kidogo. Mkewe akamshika bega, akamwambia unaona, mji umeanza kutupokea. Kinyozi akapiga magoti mbele ya boksi la kwanza, akaanza kubandua utepe.