Theluthi Mbili Zangu

Nilianza na muhuri. Kampuni ilikuwa haijasajiliwa, haikuwa hata na jina, lakini mimi nilikuwa nimekwisha kwenda Ukunda kuchongesha muhuri wa mviringo wenye maneno Mkurugenzi Mkuu, nikarudi nao Msambweni nikiupapasa mfukoni njia nzima. Nyumbani niliupiga kwenye bahasha, kwenye kalenda ya ukutani na kwenye boksi la tende. Mama alilitazama boksi, akaniuliza kama tende zimeharibika.

Nieleze biashara yenyewe, maana kwa cheo kile mtu angedhani tulikuwa na meli. Ni mikeka. Dada yangu mkubwa ameolewa Tanga, na huko hukata ukindu, huuanika, huutia rangi na kusuka kili, zile tepe ndefu zinazopimwa kwa pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Mizigo ya kili huvuka mpaka wa Lungalunga kwa basi. Mama, hapa Msambweni, huziunganisha kwa shazia, sindano yake ndefu, tepe kwa tepe mpaka zinakuwa mkeka. Mimi nilikuwa mpokezi wa wageni hoteli ya Diani kwa miaka mingi, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kuiuza, yaani kuvaa shati lililopigwa pasi na kuongea.

Basi hoteli moja ikataka mikeka ya vyumba vyake vyote, na meneja akaniambia kwa upole kwamba hoteli haiwezi kuandikiana mkataba na mama yangu. Inataka kitu kilichosajiliwa.

Nilikwenda kwa wakili Ukunda, binti wa bara mdogo kwangu kwa umri, ambaye hata hivyo nilijikuta namwita madam. Alinieleza vizuri. Tunaweza kuandikisha jina la biashara la mtu mmoja, au ubia wa watu wawili watatu, au kampuni yenye hisa. Kisha akafika kwenye mpaka.

"Kampuni ya Kenya haivuki na basi," alisema. "Kule lazima iandikishwe upya, ama dada yako awe na biashara yake mwenyewe halafu muandikiane. Kwanza niambie, nani anafanya nini?"

Katika maelezo yale yote nilikuwa nimesikia neno moja tu, kampuni. Swali lake nililijibu kwa dakika kumi, na zote zilinihusu mimi. Alinipa karatasi ya rasimu, akasema tuandike wenye hisa na sehemu zao, tukubaliane sote, ndipo turudi.

Kujaza jina langu hakukunipa tabu. Kwenye sehemu za hisa nikakwama, na hapo nilifanya kosa ambalo yule wakili, ambaye hakusoma madrasa, asingeweza kulifanya hata angetaka. Badala ya kumwuliza mama, aliyekuwa ameketi hatua nne kutoka kwangu, nilijitia uchamungu, nikampigia simu Maalim wangu wa chuoni, aliyenisomesha Kurani kule Waa.

"Maalim, shikamoo. Mtoto mmoja wa kiume, mmoja wa kike, mali ni ya mama yao. Sehemu zao zikoje?"

"Marahaba, mwanangu. Kama hapana mrithi mwingine, mwanamume mafungu mawili, mwanamke fungu moja. Lakini hebu niambie..."

Nilimshukuru nikakata simu, maana wakurugenzi wana haraka. Nikaandika: mimi theluthi mbili, dada theluthi moja. Mama nilimwandika mshauri, na naapa niliona nimemheshimu. Nikaipiga karatasi picha, nikamtumia dada ili akubali.

Hakujibu. Mzigo wa kili uliokuwa uje Jumanne haukuja, na wa Jumanne iliyofuata haukuja. Mama alibaki na mkeka wa nusu magotini, akiukunja na kuukunjua. Nilipompigia dada, simu iliita mpaka ikachoka. Mara moja shemeji aliipokea, akasema mwenziwe yuko shambani, na kwa sauti ya mtu aliyetumwa akaongeza kwamba siku hizi anawasukia watu wa Tanga tu. Dada yangu si mtu wa kununa. Akikasirika huondoka kimya, na nikajua nampoteza, na bado sikumwambia mama ni kwa nini.

Ijumaa baada ya sala, Maalim akaingia uani na wazee wawili, kofia safi, nyuso zimeinama, mmoja amebeba mfuko wa mchele na mwingine sukari. Mama alikuwa barazani anashona. Maalim alimwona akasimama ghafla.

"Asalaam aleikum," alisema, kwa sauti ndogo mno.

"Waaleikum salaam, Maalim. Karibuni. Mbona nyuso hizo, kuna msiba?"

Maalim alinitazama. Nilikuwa mlangoni, na mlango haukuwa mpana wa kutosha kunificha.

"Mwanao aliniuliza mirathi yako," alisema. "Akanikatia simu kabla sijauliza umezikwa lini."

Mama aliiweka shazia chini polepole.

"Na mimi nimekufa lini?"

Mzee mwenye sukari alianza kukohoa, kikohozi ambacho mpaka leo nashuku kilikuwa kicheko. Maalim hakucheka. Alinieleza mbele ya wote, kama nilipokuwa na miaka saba, kwamba mirathi ya mtu haigawanywi akiwa hai, na kwamba biashara ya watu walio hai hugawanywa kwa kukaa na kuulizana. Mama akaitaka karatasi. Alivaa miwani akaisoma mpaka chini.

"Mshauri ndiye nani?"

"Ni wewe, mama."

"Nashauri nini?"

Mama akaomba simu ya Maalim, akampigia dada. Kwa kuwa namba ilikuwa ngeni, dada aliipokea.

"Ni mimi mama yako. Nasikia nimekufa. Njoo unizike."

Kesho yake kabla ya adhuhuri dada alikuwa uani, na buibui lake lina vumbi la safari. Tulikaa watatu jamvini. Nilimwamkia, akaitikia, ikawa basi. Baadaye akasema, "Mdogo wangu, hiyo theluthi si kitu. Hukuniuliza. Umenitumia picha kama tangazo la kukatwa maji."

Nilikuwa nimetayarisha hotuba nzuri ya kampuni. Ikapotea, ukatoka ukweli. Niliwaambia naogopa. Wao wana mikono, mmoja anasuka, mwingine anashona. Mimi nina shati. Siku hoteli itakapojua namba zao itawapigia wao, na mimi niwe wa nini? Nilitaka kuwa kwenye karatasi pahali ambapo hakuna atakayeweza kunifuta. Niliyasema haya nikitazama jamvi, kwa aibu.

Mama ndiye aliyejibu.

"Siku nitakayokufa kweli, mbili kwa moja. Hiyo ni amri ya Mungu, sina neno. Lakini leo niko hai, na kazi hii ni yangu na ya dada yako."

Tulirudi kwa wakili wote watatu. Aliuliza tena nani anafanya nini, na safari hii mama akajibu kwa sentensi tatu. Ikaamuliwa: biashara ya Msambweni iandikishwe kwa jina la mama, ya Tanga kwa jina la dada, na kati yao mkataba wa ukurasa mmoja.

"Na huyu?" wakili aliuliza.

"Mwandike mchuuzi," mama alisema. "Akisuka pima kumi za ukili unaoshoneka, tutazungumza ubia."

Wakili, kwa huruma, aliandika wakala wa mauzo. Dada alipanda basi lake bila kuniambia lolote, na sikujua kama Jumanne kutakuja mzigo.

Ulikuja. Juu kabisa, umefungwa peke yake, ulikuwa ukili wa shubiri moja, mkono wa dada nilioujua, umebana, na ncha za ukindu zimeachwa wazi bila kufungwa. Kikaratasi kilisema: Endelea hapo. Niliketi pale pale penye mizigo nikalia, mtu mzima mwenye muhuri.

Mpaka leo nimesuka pima mbili na nusu. Pahali mkono wa dada unapoishia na wangu unapoanza panaonekana hata ukiwa nje ya ua. Pima ya kwanza mama aliifumua mara tatu, kisha akasema hoteli haitaipokea kamwe, akaikata, akaishona kwenye mkeka wake mwenyewe wa kuswalia, upande wa mbele. Akisujudu, paji lake hugusa palipovimba. Nimemwomba augeuze mkeka, aweke kichwa upande wa kili za dada, penye ulaini. Hukataa.