Siku Niliyomsifu Marehemu Nisiyemjua

Hii nilikuwa nimeapa sitaisimulia, na kama si Wanjiru kuanza kuisema huko Emali ningezeeka nayo tumboni, lakini afadhali muisikie kwangu, kwa sababu aibu ni yangu peke yangu: nilisimama mbele ya jeneza la mtu, nikiwa nimevaa kaptura ya kubana, nikamsifu kwa kipaza sauti mpaka watu wakalia, na huyo mtu sikuwahi kumwona hata siku moja.

Kwa wale hamnijui, mimi ni Kalekye, nauza mbegu na dawa za mifugo hapa Kitui mjini, na Jumamosi naendesha baiskeli na wenzangu watatu. Lami hatuitaki sana. Sisi tunatafuta barabara za murram, njia za ng'ombe, mahali ambapo gari linaogopa kuingia. Kuna Abdi, mtu wa Garissa mwenye lori, mpole lakini anauliza maswali kama polisi. Kuna Wanjiru, ambaye wazazi wake walitoka Nyeri wakafungua duka Emali. Na kuna Mwalimu Musyoka, aliyestaafu, mwenye miaka sitini na nne na dawa za presha mfukoni. Tulikuwa tumekubaliana kila mmoja atafute njia moja nzuri, aipitie mwenyewe mwanzo hadi mwisho, halafu atuongoze. Yangu ilikuwa ya kuzunguka lile bwawa la mbele ya Matinyani, kisha kupanda vilima vya nyuma yake na kurudi mjini.

Jumapili ya kuikagua nilifika bwawani vizuri. Nikaendesha ukingoni upande mmoja, udongo mwekundu, mgumu, raha tupu, ndege weupe wamesimama majini, na kufika saa sita jua likawa linanichoma mgongo nikakaa kivulini kula ndizi. Nikatazama vile vilima. Nikatazama simu. Kwenye ramani kulikuwa na mstari mwembamba unaopita juu ya vilima na kushukia upande wa pili, kwa hivyo nusu iliyobaki nikaichora kwa kidole nikiwa nimekaa hapo hapo, nikarudi nyumbani. Jioni Abdi akauliza kwenye grupu, "Kalekye, hiyo njia umeipitia yote?" Nami nikamtumia kidole gumba. Hata sikuandika neno.

Basi Jumamosi tukatoka. Upande wa bwawa ulikuwa mzuri mpaka Wanjiru akasema hii ndiyo njia bora tumewahi kupata, na mimi nikavimba kichwa (Mungu anisamehe). Halafu tukauacha ule ukingo nikiufuata mstari wangu, na mstari ukaingia kwenye mto mkavu, mchanga mtupu, tairi zinazama, tukabeba baiskeli mabegani karibu saa nzima. Ng'ambo ya mto njia ikawa ya mbuzi. Miba ikamtoboa Abdi tairi zote mbili. Tulipoanza kupanda kilima tukapanda kwa miguu, na maji yakaisha, na kila mtu aliponiuliza nikawa nasema, "Mbele kidogo tu, hapo mbele kuna kisima." Kisima gani? Sikujua kisima chochote.

Juu ya kilima Mwalimu Musyoka akakaa chini bila kuambiwa. Alikuwa ameacha kutoka jasho, midomo imekauka, na akaniita kwa jina la bintiye. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Wanjiru akanishika mkono, akaniambia pembeni, "Kalekye, huku ulipita?" Nikasema nilipita. Ndivyo nilivyosema, mzee wa watu amekaa pale juani.

Tukasikia kipaza sauti. Chini ya kilima kulikuwa na boma lenye hema nyeupe na watu wengi, tukamshika Mwalimu huku na huku tukashuka. Getini akaja mwanamume mwenye utepe mweusi kifuani, akatutazama na baiskeli zetu, uso ukamfunguka.

"Ni nyinyi wa baiskeli? Tumewangoja sana! Tulidhani hamtafika."

Nikamtazama Mwalimu. Nikamtazama Abdi, ambaye alikuwa ananitazama mimi. Nikasema, "Ndiyo, ni sisi."

Mngeona tulivyopokelewa. Mwalimu akalazwa kwenye mkeka kivulini, akapewa maji kidogo kidogo, mama mmoja akawa anampepea. Mama mwingine akanifunga leso kiunoni, kwa sababu ile kaptura, jamani, mbele ya wazee na pasta. Tukakalishwa viti vya mbele, karibu na familia. Nikasoma kwenye karatasi ya ratiba kwamba tunamzika Mzee Kilonzo, fundi wa baiskeli, na kwamba wenzake wa baiskeli kutoka mji wa Wote watasema machache.

Abdi akaninong'oneza, "Waambie. Waambie sasa."

"Mwalimu anywe kwanza," nikamwambia. Lakini haikuwa Mwalimu. Mwalimu alikuwa ameshaanza kurudi, anauliza viatu vyake viko wapi. Ni mimi nilishindwa kusema nimepotea mbele ya watu niliowapoteza.

MC akaita, na kipaza sauti kikawekwa mkononi mwangu.

Ningeweza kusema pole na kukaa. Nilianza hivyo, nikasema pole kwa familia, lakini watu walikuwa wametulia sana, wananingoja, na mdomo ukaendelea wenyewe. Nikasema Mzee Kilonzo alikuwa mtu wa subira. Nikasema hakuwahi kumrudisha mtu ambaye baiskeli imemharibikia. Halafu nikanyoosha mkono kwenye baiskeli yangu iliyoegemezwa kwenye mti, nikasema, "Hata hiyo, gurudumu la nyuma alilinyoosha yeye kwa mikono yake."

Mjane akainuka. Mwembamba, mwenye kitambaa cheupe kichwani, akatembea polepole mpaka kwenye baiskeli, akaweka kiganja juu ya lile gurudumu, akakiacha hapo. Wanawake wakaanza kulia.

Na kengele zikalia getini. Waliingia wazee saba, wamevaa makoti, kwenye zile baiskeli nyeusi kubwa, matawi mabichi yamefungwa kwenye usukani. Vumbi mpaka kwenye nyusi. Walikuwa wametoka Wote jana yake, wakalala njiani.

MC akatazama wale, akanitazama mimi. "Sasa," akasema, "hawa ni kina nani?"

Sikukiachia kipaza sauti. Sijui kwa nini. Nikasema, "Hao ndio wenyewe. Sisi tumepotea njia. Mzee simjui. Hiyo baiskeli hakuigusa. Nimesema uongo, tangu Jumapili iliyopita nasema uongo." Kijana wa marehemu, mtu mzima mwenye suti, akasimama akaniambia nitoke, na Abdi akasimama pia, akavua kofia, akasema, "Ndugu yangu, tusameheni. Kosa ni letu sote, tulinyamaza."

Mjane hakugeuka. Akiwa bado pale kwenye gurudumu akasema tu, "Huyo mgonjwa asitolewe kivulini. Wengine wawape wale wazee viti."

Tukasimama nyuma kabisa mpaka kaburi likafukiwa. Abdi aliomba koleo akafukia pamoja na wanaume wa hapo. Mimi nikaosha vikombe. Tulipokuwa tunaondoka, pikipiki imemchukua Mwalimu, mjane akaniita. Nikamwendea nimefungua leso niirudishe, nikasema, "Mwaitu, nisamehe," nikimwita mama kama tunavyoita kwetu.

Akasema, "Mtu akitaka maji hapa hatumuulizi anatoka wapi. Ungesema umepotea, ungekunywa." Akakunja ile leso mara mbili, mara nne. "Lakini yale ya gurudumu niliyapenda. Nilijua ni yeye kabisa. Sasa nitayaweka wapi?"

Nikaitoa baiskeli pale mtini, nikaikokota mpaka getini. Tangu siku hiyo ninachofanya ni kidogo tu: nikiulizwa njia ambayo sijaipita nasema sijui, hata kama watu ishirini wamevaa helmeti wananingoja, hata kama watacheka. Na mkinialika mazishini nitakuja, nitaosha vikombe, lakini kipaza sauti tafadhali kipitisheni kwa mwingine.