Konzi ya Udongo kwa Aiyanar

Solaiyamma hakuwa mtu wa kupendwa, na wala hilo halikumnyima usingizi. Katika mtaa mzima wa wafinyanzi hapakuwa na jirani ambaye hakuwahi kurushiana naye maneno.

Mumewe, Veeraiya, ndiye aliyefinyanga farasi wa udongo wa kupandwa na Aiyanar, mungu anayelinda mipaka ya kijiji. Kila sikukuu ilipokaribia, wazee walichota konzi ya udongo bwawani wakamtilia mkononi hadharani. Aliyepokea udongo ule ndiye mwenye kazi, na ndiye kuhani siku ya sherehe. Lakini mgongo wa Veeraiya uliharibika mapema. Nyuma ya nyumba, wasikoona watu, Solaiyamma ndiye aliyekanda udongo kwa miguu, akauchanganya na mchanga na pumba za mpunga, akaisimamisha miguu ya farasi mrefu kuliko mtu. Veeraiya alichonga macho na meno, kisha akavishwa shada la maua.

Veeraiya alipofariki, wazee walimpa konzi mdogo wake, Sellaya. Kesho yake asubuhi Sellaya akaingia kwa mjane bila hata kuvua viatu.

"Shemeji, udongo umefika. Njoo ukande."

"Nikande kwa sababu gani?"

"Kwani kaka alikuwa anakubembeleza?"

"Kaka yako alikuwa mume wangu. Wewe umepewa udongo, kanda kwa masharubu yako."

"Mjane, unaniletea mdomo? Shukuru tumekuacha ukae nyumba ya baba yetu."

"Paa la hiyo nyumba ya baba yenu nimeliezeka mimi. Toka, na viatu vyako utoke navyo!"

Basi wakakanda mke wa Sellaya na binti zake. Solaiyamma alipita pale kila alipokwenda kisimani, akaona udongo haukuachwa ulale, na farasi anainuliwa mbiombio huku tumbo lingali bichi. Angeweza kusema kwamba motoni atapasuka. Alijitwisha mtungi wake akaenda zake, na moyoni alijisikia vizuri kuliko siku yoyote tangu msiba.

Siku ya kuchoma, alikuwa anakula uji wa ulezi na pilipili aliposikia mlio mzito kutoka kwenye tanuri, halafu kelele za wanawake. Akajiongezea uji.

Kabla jua halijazama, Sellaya alikuwa amekwisha kumshtaki kwamba husuda yake ndiyo iliyomvunja farasi. Wakaitwa wote mbele ya mahali pa Aiyanar, na mkuu wa kijiji, mzee Nallathambi, akawasha kafuri juu ya sahani.

"Solaiyamma, weka mkono juu ya moto uape. Farasi huyu umemvunja wewe?"

Akauweka, wala hakuuondoa haraka.

"Mkono wangu haujamgusa. Ila niliomba apasuke. Kila asubuhi nilisimama hapa hapa nikamwambia Aiyanar: mvunje. Kama kuomba ni kosa, basi mwulizeni yeye aliyenikubalia."

Mtu mmoja alicheka, kisha akajidai anakohoa.

"Mchawi mkubwa!" alifoka mke wa Sellaya. "Uso kama chungu cha mwaka juzi!"

"Cha mwaka juzi lakini kizima, mama. Nenda kaokote vigae vyako."

Mzee Nallathambi akawanyamazisha. Sikukuu ilikuwa imewafikia shingoni, akasema. Je, Solaiyamma, aliyeishi na fundi miaka yote, angeweza kumsimamisha farasi mwingine?

"Naweza. Nipeni konzi mkononi mwangu, mbele ya watu, kama mlivyompa mume wangu."

"Mwanamke? Tena mjane?"

"Basi mwacheni Aiyanar aende kwa miguu."

Wazee walimtukana, wakamsihi, wakamtukana tena. Hawakumpa, naye hakulegea. Mwishowe wakamleta fundi wa nyumba kutoka mjini, akajenga farasi wa saruji, wakampaka rangi ya buluu. Farasi wa saruji hapasuki wala hahitaji mwenzake mwaka unaofuata. Konzi ya udongo haikutolewa tena kwa mtu yeyote.

Siku ya sherehe ngoma zilipita, mbuzi wakachinjwa, na shingo ya buluu ikavishwa shada. Solaiyamma alisimama mbali kando ya njia, mahali pa wajane. Sellaya akaja kusimama karibu, mikono haina kazi.

"Umefurahi sasa?" akamwuliza.

"Nilifurahi siku ile. Leo sina furaha."

"Kazi ya babu zetu imekufa kwa sababu ya mdomo wako."

"Wewe ulikuwa na neno moja tu la kuwaambia wazee, shemeji. Kwamba miguu ya wale farasi ilikuwa yangu. Ulikuwa unajua."

Sellaya aliwatazama wapiga ngoma mpaka wakakata kona.

"Nilikuwa najua," akasema. "Ndiyo maana sikusema."

Solaiyamma alimtemea mate karibu na viatu vyake, akarudi nyumbani. Baada ya hapo aliishi kwa kufinyanga mitungi na vyungu vya kupikia wali wa mavuno, na watu waliununua mzigo wake huku wakimsengenya. Sellaya alipofariki, Solaiyamma alikwenda msibani kama inavyotakiwa. Alikaa mwisho kabisa wa safu ya wanawake waliokuwa wakilia, macho makavu, mpaka maiti ikatolewa.